Laiboni Aliyefanywa Mfalme

NDUGU msikilizaji, siku ya mnada pale Karatu hukutana watu wa asili nne. Wapo Wairaqw, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu. Wapo Wadatoga, ambao Wamaasai waliwabandika jina la Mang'ati, yaani maadui. Wapo Wamaasai wanaoteremka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Na kutoka bonde la Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe. Ukiwauliza hawa wote mfalme wao wa zamani alikuwa nani, watakushangaa. Wao si kama Wahaya waliokuwa na Bakama wao, wala si kama Unguja iliyokuwa na masultani. Kiti cha enzi hawakuwa nacho.

Hata hivyo, katika nyaraka za serikali ya kikoloni ya Kiingereza limo jina la mtu aliyetambuliwa kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote. Mtu huyo aliitwa Olonana, na Wazungu walimwandika Lenana. Leo nataka tuutazame ukoo wake, tuone ulianzia wapi, cheo hicho kilitoka kwa nani, na kiliwagharimu nini watu waliokuwa hawajakiomba.

Kwanza tuelewe jambo moja. Kukosa mfalme si kukosa utaratibu. Wairaqw walikuwa na msemaji wa wazee aliyeitwa kahamusmo, na pembeni yake alikuwepo qwaslarmo, mtaalamu wa mvua na kinga, kutoka katika koo maalumu. Wadatoga nao walikuwa na koo za manabii, na jina la Saigilo, nabii wa ukoo wa Bajuta, lingali linatajwa kwa heshima. Ikumbukwe kwamba kreta ya Ngorongoro ilikuwa malisho ya Wadatoga kabla Wamaasai hawajawasukuma kuelekea kusini katika karne ya 19. Mle kreta, katika msitu wa Lerai, lipo kaburi la kiongozi wao ambalo Wadatoga wanaliheshimu hadi leo.

Kwa Wamaasai kazi ziligawanywa vivyo hivyo. Mambo ya kila siku yaliendeshwa na marika, na kila rika lilimchagua laigwanani, yaani msemaji wake. Huyo ndiye aliyesimama na rungu mbele ya mkutano, akasema yaliyokubaliwa. Pembeni yake alikuwepo laiboni. Yeye hakuamuru mtu. Kazi yake ilikuwa kupiga ramli kwa vijiwe, kubariki sherehe za marika, kuwapa morani dawa ya vita na kuomba mvua. Ulaiboni ulikuwa wa kurithi, unalaigwanani ulikuwa wa kuchaguliwa. Tofauti hiyo tuishike vizuri, maana mambo yote yanayofuata yanatokana na kuipuuza.

Ukoo wa malaiboni wakubwa huitwa Inkidongi, jina linalohusishwa na enkidong, kibuyu cha kuwekea vijiwe vya ramli. Wenyewe husimulia kuwa babu yao Kidongoi hakuzaliwa katika boma lolote. Alionekana akiwa mtoto katika vilima vya Ngong, akachukuliwa na watu wa ukoo wa Ilaiser na kulelewa kama mtoto wao. Baada yake hutajwa majina kama Sitonik, Kipepete na Parinyombe, ingawa orodha zilizoandikwa haziyapangi kwa mfuatano mmoja. Kutoka hapo nasaba inanyooka. Anakuja Supeet, na baada ya Supeet anakuja mwanawe Mbatian, aliyevuma kuliko wote.

Heshima ya Mbatian ilikua katika vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe, hasa vile vya miaka ya 1870 ambamo Walaikipia walishindwa na kutawanyika. Makundi mengi yaliyokuwa yakipigana yalimwendea yeye kutafuta baraka, na kila ushindi ukamwongezea jina na ng'ombe. Inasimuliwa kuwa alitabiri maradhi makubwa na kuja kwa watu weupe. Yeye alifariki karibu na mwaka 1890, na maradhi hayakukawia. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeanza tangu miaka ya 1880. Ikafuata sotoka, kisha ndui kwa binadamu. Wamaasai wanakiita kipindi hicho Emutai, yaani kumalizika kabisa. Mwezi Machi 1892 msafiri Oscar Baumann alipoingia kreta ya Ngorongoro, aliwakuta Wamaasai waliokuwa wamebaki mifupa mitupu kwa njaa.

Katikati ya balaa hilo, wana wawili wa Mbatian waligombea urithi. Mkubwa aliitwa Sendeyo, wengine hutamka Senteu. Mdogo ndiye Lenana. Hadithi yao iliandikwa na A. C. Hollis katika kitabu chake juu ya Wamaasai cha mwaka 1905, na msikilizaji anayekijua kisa cha Yakobo na Esau ataitambua mara moja. Mbatian alimwambia Sendeyo aje alfajiri apokee vifaa vya ulaiboni. Lenana alikuwa amejificha zizini mwa ndama, akasikia, akawahi. Mzee hakumtambua, akampa vifaa na baraka. Sendeyo alipofika alikuta mambo yamekwisha.

Angalieni jinsi kisa hicho kinavyoweza kushikwa na pande zote mbili. Aliye upande wa Sendeyo atasema, mwenye haki ni mkubwa, mdogo ameiba. Aliye upande wa Lenana atasema, baraka ikishatamkwa hairudi. Ndiyo maana vita vilipigwa kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 1902 ndugu hao walipopatana.

Lakini wakati huo Lenana alikuwa ameshapata rafiki mwingine. Kati ya mwaka 1893 na 1894, watu wake wakiwa hoi kwa njaa na kwa mashambulizi, alikimbilia kwenye ngome ya Waingereza iliyoitwa Fort Smith, si mbali na mahali ilipojengwa Nairobi. Hapo watu wake walipata hifadhi. Baadaye morani wakaenda pamoja na askari wa Kiingereza katika misafara ya kuyapiga makabila mengine, wakagawiwa mifugo iliyotekwa. Lenana alipata nguvu, na Waingereza wakapata mtu wa kuzungumza naye.

Serikali yoyote ya kigeni hupenda kuzungumza na mtu mmoja. Watu wasio na mfalme ni taabu kubwa kwa ofisa mwenye kalamu na karatasi. Atasaini na nani? Akiwaita malaigwanani, watakuja thelathini, kila mmoja atasema rika lake halijakaa. Ofisa akamtazama laiboni, akaona heshima anayopewa, akaona ng'ombe anaoletewa, akasema, huyu ndiye mfalme. Kwa hiyo mwombaji wa baraka akapewa cheo cha mtawala.

Hata milima ilipewa majina yao. Mwaka 1899 Halford Mackinder alipopanda Mlima Kenya, kilele kikubwa chenye mita 5,199 kiliitwa Batian. Cha pili kikaitwa Nelion, jina la nduguye Mbatian. Cha tatu, ambacho wapandaji wengi wasio na kamba hukifikia, kikaitwa Lenana. Sendeyo naye alipewa kilele, kifupi zaidi na pembeni kidogo.

Majina ya milima hayali ng'ombe wa mtu. Karatasi ndizo zilizokula. Mwezi Agosti 1904 Lenana na viongozi wengine walitia alama kwenye mkataba. Kwa mkataba huo Wamaasai waliyaacha malisho ya Bonde la Ufa, sehemu za Naivasha na Nakuru, walowezi wakayachukua. Wamaasai wakapewa maeneo mawili, moja Laikipia kaskazini, jingine kusini. Waliahidiwa kuwa mpango huo utadumu maadamu kabila la Wamaasai lipo. Ahadi hiyo haikutimiza miaka saba.

Lenana alifariki mwezi Machi 1911. Maofisa walitangaza kuwa wosia wake ulikuwa watu wake waitii serikali na waiache Laikipia. Mwezi uliofuata mkataba wa pili ukasainiwa. Aliyewekwa kama chifu mkuu ni mwanawe Seggi, ambaye alikuwa bado mtoto, kiasi kwamba ilibidi wawepo wasimamizi wa kutia alama pamoja naye. Hapo ndipo unapoona kurithi kulivyotumika. Mtoto hawezi kuwa laigwanani, hakuna rika litakalomchagua. Lakini mtoto anaweza kuwa mfalme, na mfalme mtoto hana ubishi.

Aliyebisha alikuwa Ole Gilisho, laigwanani wa Wamaasai wa kaskazini, mtu wa kuchaguliwa. Mwaka 1913 Wamaasai walifungua kesi inayojulikana kwa jina la Ole Njogo, wakidai mkataba wa 1911 hauwafungi. Mahakama iliwajibu nini? Ilisema mikataba hiyo ni makubaliano kati ya Taji la Uingereza na taifa jingine, kwa hiyo mahakama haina mamlaka ya kuyachunguza. Lipime neno hilo, msikilizaji. Wamaasai walihesabiwa kuwa taifa lenye mtawala wake ili waweze kutoa ardhi, na walipotaka kuidai, utaifa huohuo ukawafungia mlango wa mahakama.

Je, ufalme daima ni hasara? Hapana. Twende mbali kidogo, kwenye visiwa vya Polinesia, kwa Wamaori wa New Zealand. Wao pia hawakuwa na mfalme mmoja. Mwaka 1840 Waingereza walipoleta mkataba wa Waitangi, ilibidi wakusanye alama za machifu zaidi ya 500, mmoja mmoja. Ardhi ikaanza kuuzwa vipande vipande. Mwaka 1858 makabila kadhaa yakaamua yenyewe kumweka mfalme, mzee aliyeitwa Potatau Te Wherowhero, kusudi kuu likiwa kuzuia uuzaji huo. Vita vilikuja na ardhi nyingi ilinyang'anywa, lakini kiti hicho kingalipo. Mwezi Septemba 2024, baada ya kifo cha baba yake, binti aitwaye Nga Wai Hono i te Po aliwekwa kuwa wa nane katika nasaba hiyo. Wamaori walijiwekea mfalme ili ardhi isitoke. Wamaasai waliwekewa mfalme ili ardhi itoke. Jina ni moja, kazi ni mbili, na tofauti iko kwa yule aliyemweka.

Turudi kwetu. Upande wa Tanganyika hakuna Lenana, lakini swali la nani anasaini lilitufuata. Wakati wa Wajerumani walowezi wa familia ya Siedentopf walipewa mashamba ndani ya kreta ya Ngorongoro. Wakati wa Waingereza, mwaka 1958, wazee 12 wa Kimaasai walitia alama kwenye hati ya kuondoka Serengeti. Mwaka 1959 likaanzishwa eneo la hifadhi la Ngorongoro, ambamo wafugaji na wanyamapori waliruhusiwa kuishi pamoja. Miongo mingi baadaye, wapo Wamaasai wanaouliza wale wazee 12 walitumwa na nani. Sheria ya uchifu ilifutwa nchini mwaka 1963, lakini swali halikufutwa nayo.

Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia wakazi wa Ngorongoro Msomera, wilayani Handeni, kwa utaratibu unaoitwa wa hiari. Wapo walioondoka na kusema wamepata nyumba na shamba. Wapo waliobaki na kusema hiari hiyo ina msukumo nyuma yake. Mwezi Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana Arusha na wawakilishi wa Wamaasai na kutangaza tume mbili, moja ya mgogoro wa ardhi na moja ya zoezi la kuhama. Mimi hapa sitoi hukumu. Ninachosema ni kwamba katika mzozo huo kila upande una wazee wake wa kuwaonyesha, na kila upande husema wake ndio wa kweli.

Hapo ndipo nasaba ya Mbatian inapotusaidia. Ukoo wa Inkidongi una heshima, na heshima hiyo ina matumizi mema. Upande wa Loita, jirani na Loliondo ng'ambo ya mpaka, laiboni Mokompo ole Simel na wazee wenzake katika miaka ya 1990 waliupigania msitu wa Naimina Enkiyio usigeuzwe eneo la utalii la halmashauri. Alisimama kama mlinzi wa mahali patakatifu, na wazee wakasimama naye. Hiyo ndiyo kazi ya laiboni. Kuigawa ardhi ya watu haikuwa kazi yake hata siku moja.

Kwa hiyo, msikilizaji, utakaposoma gazetini kwamba wazee wamekubali, iwe ni Ngorongoro, iwe ni kijijini kwenu ambako mwekezaji ametafuta shamba, usiishie kwenye picha ya mtu aliyeshika rungu. Uliza ni wazee gani. Uliza mkutano ulifanyika wapi na mihutasari iko wapi. Uliza kama akina mama walikuwepo, maana ndio wenye kujenga nyumba zitakazobomolewa. Wazee wa zamani walijua kumtenga anayebariki na anayesema kwa niaba ya wengine. Waliokuja na karatasi waliwachanganya wawili hao kwa makusudi, na Laikipia ikaenda.