Nyumbani kwa Mahindi

Tangu nirudi kutoka Marekani, wenzangu wa bweni huniuliza kila tutokapo bwaloni kama huko nako wako watu wanaokula ugali. Mhariri ameniomba nilijibu swali hilo hapa. Ugali sikuuona ila nyumbani kwetu, lakini niliwaona wenyewe mahindi yao, nao huyapika kwa namna ambayo sisi hatukuipokea.

Mama alikuwa akisoma Chicago, nami nikakaa naye miaka miwili. Katika mji huo mna mtaa uitwao Pilsen, ambao wengi wa wakazi wake asili yao ni Mexico. Jumamosi moja tuliingia mkahawa mdogo wa mtaa huo, mfano wa kwa mama lishe: meza za plastiki, redio inaimba, na mama mmoja amesimama mbele ya bapa la chuma lenye moto. Chakula tulichoagiza huitwa taco. Nilipolitamka jina hilo kwa sauti Mama alinikanya, kisha akacheka mwenyewe mpaka machozi. Nacho ni chapati ndogo ya mahindi, upana wa kiganja, iliyokunjwa juu ya nyama ya ng'ombe ya kuchoma, vitunguu vibichi na majani ya giligilani. Hukamuliwa ndimu na kutiwa pilipili ya kusagwa. Maharage tuliyauliza kwanza, maana mara nyingi huungwa kwa mafuta ya nguruwe, nasi hatuli.

Mama alitafuna, akanyamaza, akasema, "Mwanangu, haya ni mahindi, lakini mbona hayana ladha ya mahindi?"

Mwenye mkahawa alifurahi kuulizwa, akatuonyesha ndoo. Punje kavu huchemshwa katika maji yaliyotiwa chokaa, kiasi cha gramu 10 kwa kilo 1 ya mahindi, kisha huachwa humo usiku kucha. Asubuhi maganda huteleza yenyewe. Huoshwa, husagwa yangali mabichi, na donge lake hukandwa likawa chapati bila ya ngano wala mayai.

Nilidhani ni mapishi tu, kumbe ni dawa. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa ndani ya punje hata mwili hauipati, chokaa huifungua. Watu wa Mexico, ambao wazee wao ndio walioanza kulima mahindi yapata miaka 9,000 iliyopita, waliijua kazi hiyo kabla hakuna mtu aliyejua vitamini ni nini. Baada ya mwaka 1492 mbegu ilivuka bahari, na inasadikika Wareno ndio walioileta pwani yetu. Mbegu ilisafiri, chokaa ikabaki. Maskini wa kaskazini ya Italia katika karne ya 18 na ya 19, ambao chakula chao kilikuwa karibu mahindi matupu, walipatwa na pelagra: ngozi huchubuka, tumbo huharisha, akili huvurugika, na mwisho ni kifo. Wala si habari za kale tu. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua kwa maelfu, karanga zilipokosekana katika posho yao. Sisi huokolewa na kitoweo: maharage, dagaa, karanga. Tangu nijue hayo simwagi tena maharage ya bwaloni, hata siku yakiwa na maji mengi.

Likizo iliyopita nilimwomba Bibi chokaa yake ya tambuu (ile ya kupaka kuta haifai hata kidogo). Alinitazama kwa muda mrefu. "Mjukuu wangu, huko ulitumwa ukajifunze kula chokaa?" Hata hivyo alinipa. Maganda yaliteleza kama nilivyoona Pilsen, nikatwanga kinuni, nikachoma juu ya kikaango kikavu. Chapati zilipasuka pembeni zote. Bibi alikula tatu kwa samaki, akasema safari nyingine nitwange vizuri.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne