Kigae na Neno: Ushahidi wa Maingiliano ya Kale katika Kitui na Makueni

Historia ya maingiliano ya Ukambani na pwani huanzwa mara nyingi na misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19. Mwaka 1849 J. L. Krapf alifika Kitui kwa Kivoi wa Mwenda, mfanyi biashara mashuhuri ambaye misafara yake ilikwisha kuizoea njia ya Mombasa. Lakini ushahidi wa akiolojia wadokeza kwamba maingiliano ya nchi hizo yana umri mkubwa zaidi.

Mwaka 1967 Robert Soper alitangaza matokeo ya uchimbaji wake huko Kwale. Vigae alivyovieleza, vyenye kingo zilizokatwa mabapa na kutiwa mifuo, vyakadiriwa kuwa vya karne ya 3 hivi. Vya namna hiyo vimepatikana pia Usambara na Upare, na uchunguzi wa Soper katika vilima vya Chyulu, mpakani mwa Makueni, uliochapishwa mwaka 1976, ukaupeleka mtandao huo bara zaidi. Huko Gatung'ang'a, karibu na Nyeri, Ari Siiriäinen alieleza mwaka 1971 vyungu vyenye kufanana kwa kiasi na vya Kwale, ingawa ni vya karne nyingi baadaye. Kitui na Makueni, basi, zimo kati ya pwani na nyanda za juu.

Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba kigae hakina lugha. Miongoni mwa Wakamba ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Nakshi moja yaweza kuenea kwa sababu watu wamehama, au kwa sababu mfinyanzi ameolewa mbali, au kwa sababu chungu kimebadilishwa kwa nafaka. Udongo wenyewe husaidia kuzitenga sababu hizi: ukiwa ni wa papo hapo na nakshi ni ya ugenini, kilichosafiri ni ujuzi, wala si chungu. Ushanga wa kioo, kauri na obsidiani, yaani jiwe jeusi la kioo litokalo katika volkano, ni mashahidi wanyofu zaidi, kwa kuwa asili yao yaweza kutambuliwa.

Lugha nayo ina matabaka yake. Kitenzi cha Kiswahili -lima ni -ĩma katika Kikamba, na -lia ni -ĩa. Ulinganifu huu si dalili ya kukopana. Ni urithi wa Kibantu ambao Kikamba kimeudondosha l kwa kanuni yake. Lakini gari limekuwa ngalĩ, na l imebaki. Neno hili liliingia baada ya kanuni hiyo kukoma kufanya kazi. Kwa njia hii mwanaisimu hutenga la kale na jipya, kama mchimbaji atengavyo tabaka na tabaka.

Kila shahidi ana kimya chake. Pembe, ambazo al-Masudi aliandika katika karne ya 10 kwamba zilipelekwa Oman na kutoka huko India na China, ziliiacha nchi. Nguo zimeoza, na chumvi imeyeyuka. Hapo ndipo neno huweza kusema. Wakamba huita kuthuua safari ya kwenda kwa majirani kutafuta chakula wakati wa njaa. Wanahistoria kadhaa wameona chanzo cha biashara yao ya mbali katika desturi hiyo. Maana yake ni kwamba mabadilishano yalikwisha kuwa na mizizi yake nyumbani, katika nchi ya mvua haba, kabla ya mahitaji ya ng'ambo kuyakuza.

Hivyo si haki kuwaona watu wa Kitui na Makueni kuwa wapokeaji tu wa vitu vya pwani. Lakini ushahidi huu haudumu. Jembe na matuta huvunja vigae, na mabati na sufuria zimekwisha kuupunguza ufinyanzi, pamoja na majina ya udongo, zana na nakshi yaliyo vinywani mwa wafinyanzi wazee. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 yalinda kigae kilichomo ardhini. Neno halina mlinzi ila yule atakayeliandika. Mwakiolojia na mwanaisimu wana kila sababu ya kufuatana katika njia moja.