Uzito, Miguu na Safari za Anga

Masharti ya kuwachagua wanaanga yamekuwa makali tangu mwanzo. Mwaka 1959, Marekani ilipoteua wanaanga wake saba wa kwanza, wote walikuwa marubani wa kijeshi, na hakuna aliyeruhusiwa kuzidi kimo cha sentimeta 180, kwa kuwa chombo chenyewe kilikuwa kidogo mno. Mtu aliyekatwa mguu hakufikiriwa kabisa. Hata hivyo, mwanasayansi ana haki ya kuuliza: mguu huo ungemfanyia kazi gani huko angani?

Ili tulijibu swali hili, na tusimame kwanza kwenye ukingo wa maporomoko ya Kalambo, kusini mwa uwanda wa juu wa Ufipa, pale mto unapoanguka kwa zaidi ya mita 200 kabla ya kuelekea Ziwa Tanganyika. Jiwe likiachiwa hapo, tukiuweka kando upinzani wa hewa, litashuka mita 200 za kwanza kwa takriban sekunde 6.4. Tuseme sasa kwamba jiwe hilo limetundikwa kwenye mizani ya springi, na vyote viwili vikaachiwa pamoja. Muda wote wa kuanguka mizani itasoma sifuri. Mvutano wa dunia haukutoweka; kilichotoweka ni kitu cha kulizuia jiwe lisianguke.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba wanaanga huelea kwa sababu wamefika mahali pasipo na mvutano wa dunia. Sivyo. Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka kilometa 400 hivi juu ya ardhi, umbali usioupita sana ule wa barabara ya kutoka Sumbawanga hadi Mbeya. Katika kimo hicho mvutano ungali karibu asilimia 90 ya huu tuujuao. Kituo kinaanguka daima, kama jiwe letu la Kalambo, ila kinakwenda upande kwa kasi ya karibu kilometa 28,000 kwa saa, hata kila kinapoanguka, uso wa dunia nao unapinda chini yake.

Humo ndani basi hakuna kusimama wala kutembea. Watu hujisukuma na kujivuta kwa mikono, na miguu hutumika zaidi kujishikiza kwenye vyuma ili mikono iwe huru kufanya kazi. Mguu ambao hapa Ufipa hubeba mwili mzima kupanda mteremko wa Lyamba lya Mfipa, kule hauna mzigo wa kubeba.

Wapo hata watu ambao ulemavu wao uliwafaa watafiti. Kati ya mwaka 1958 na 1968, shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na shule ya tiba ya wanamaji wa nchi hiyo, liliwachunguza wanaume 11 viziwi kutoka Chuo cha Gallaudet mjini Washington. Wengi wao walipoteza usikivu utotoni kwa homa ya uti wa mgongo, na ugonjwa huo uliharibu pia mifereji ya sikio la ndani inayotupatia hisia ya mwendo na msawazo. Aliyepata kusafiri kwa meli ya Liemba kutoka Kasanga siku yenye mawimbi anajua kazi ya mifereji hiyo: macho yanasema hivi, sikio linasema vile, na tumbo ndilo linaloadhibiwa. Wanaanga wengi huugua vivyo hivyo siku zao za kwanza. Wanaume wale walipopelekwa kwenye bahari iliyochafuka karibu na Nova Scotia, Kanada, waliendelea kucheza karata, ilhali watafiti waliokuja kuwapima walizidiwa na kutapika hata jaribio likakatizwa. Elimu waliyoitoa ilitumika. Wao wenyewe hawakurushwa angani.

Ilichukua muda mrefu mlango kufunguliwa. Mwaka 2021 Shirika la Anga la Ulaya lilitangaza nafasi kwa watu wenye upungufu wa miguu na wenye kimo kifupi sana, na maombi 257 yakapokelewa. Novemba 2022 aliteuliwa John McFall, Mwingereza, daktari mpasuaji wa mifupa, aliyepoteza mguu wa kulia kwa ajali ya pikipiki nchini Thailand mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 19. Ajali za namna hiyo hatuhitaji kusafiri mbali kuziona. Mwaka 2008 huko Beijing alitwaa medali ya shaba katika mbio za mita 100 za Paralimpiki.

Tusijidanganye kwamba hakuna matatizo. Yapo, lakini mengi hayapo pale yanapodhaniwa. Chombo kikipata hatari, mwanaanga lazima atoke upesi, na hapo uzito umekwisha kurudi. Vilevile, mifupa isiyobeba uzito hudhoofika: ile ya nyonga yaweza kupoteza asilimia moja au zaidi ya madini yake kwa mwezi, ndiyo sababu wanaanga hufanya mazoezi yapata saa mbili kila siku, pamoja na kukimbia wakiwa wamefungwa mikanda inayowavuta chini. Je, atakimbiaje mwenye mguu wa bandia? Tena, mtu asipokuwa na uzito, maji ya mwili huhama kutoka miguuni kwenda kichwani. Kigutu chaweza kusinyaa, na mguu wa bandia uliokaa vema duniani ukalegea. Tatizo la kigutu kubadilika ukubwa wanalijua sana mafundi wa viungo bandia wanaofundishwa Moshi, katika chuo cha TATCOT, tangu 1981. Kule angani limepata sababu mpya tu.

Baada ya uchunguzi huo, Februari 2025 McFall alithibitishwa kuwa anafaa kiafya kwa safari ndefu kwenye kituo cha anga. Tarehe 20 Desemba 2025 Michaela Benthaus, mhandisi Mjerumani atumiaye kiti cha magurudumu, alivuka kimo cha kilometa 100 katika safari fupi ya roketi ya Blue Origin. Chombo hakikuundwa upya kwa ajili yake. Kiliongezwa ubao wa kutelezea kutoka mlangoni hadi kitini.

Katika maabara nyingi za shule zetu meza zimejengwa kwa kimo cha mtu anayesimama, na mwanafunzi asiyeweza kusimama hushauriwa, mara nyingi kwa nia njema, achukue masomo ya sanaa. Kabla ya kutoa shauri hilo, mwalimu angepima kwanza kimo cha kiti cha mwanafunzi wake, kisha akazungumza na seremala. Meza moja yenye kimo cha sentimeta 75 hivi, iliyo wazi chini ili magoti yapite, seremala yeyote wa Sumbawanga anaweza kuitengeneza.