Mapumziko Kabla ya Fainali: Dawa au Sumu?

Muthurwa ni mtaa wa reli. Nyumba zake zilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na abiria wa Mombasa aliyeshuka stesheni ya Nairobi siku hizo hakuwa na mwendo mrefu kuufikia. Tangu soko kubwa lilipofunguliwa hapo mwaka 2008, mlio wa gari moshi umemezwa na kelele za mikokoteni, makanga na wauza mitumba. Hata hivyo, uwanja wa City, ambao sasa unaitwa kwa jina la Joe Kadenge, hauko mbali, na maongezi ya kabumbu hayakauki.

Miongoni mwa hoja zinazowagawa mashabiki ni hii: timu kubwa ikipewa wiki mbili tatu za kupumzika kabla ya fainali, je, inasaidiwa au inaharibiwa? Wako wasemao kuwa miguu iliyochoka haishindi kikombe. Wengine hujibu kuwa mchezaji ni kama chungu jikoni: ukikiepua, chakula kitapoa.

Wenye hoja hii ya pili wana ushahidi mzito. Mwezi wa Mei 2019, Barcelona iliilaza Liverpool 3-0 katika nusu fainali ya Ulaya. Kabla ya marudiano, Barcelona, ambayo ilikwisha kutwaa ubingwa wa Hispania, iliwapumzisha nyota wake na kupeleka kikosi kingine kucheza na Celta Vigo. Liverpool haikuwa na nafasi hiyo. Tarehe 4 Mei ilitoana jasho na Newcastle na kushinda 3-2, na Mohamed Salah akaumia kichwa. Siku tatu baadaye, bila ya Salah na bila ya Firmino, Liverpool iliyochoka iliifunga Barcelona iliyopumzika 4-0. Mabao mawili yalikuwa ya Divock Origi.

Basi je, mapumziko ni sumu? Ngoja kwanza, msomaji. Liverpool hiyo hiyo ilimaliza ligi tarehe 12 Mei, na fainali dhidi ya Tottenham ilikuwa tarehe 1 Juni mjini Madrid. Siku 20 zilipita bila ya mechi ya mashindano kwa timu zote mbili. Kwetu ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho, na mechi ilianza saa nne za usiku; wengi wa pwani walitoka tarawehe wakaenda moja kwa moja kwenye televisheni. Walichokiona hakikuwa na utamu mwingi. Salah alifunga penalti katika dakika ya pili, kisha mpira ukawa wa pasi zinazopotea na miguu mizito.

Lakini tazama yaliyofanyika katika siku hizo 20. Liverpool haikulala. Ilikwenda Marbella kufanya mazoezi, ikacheza mechi ya faragha na kikosi cha pili cha Benfica ya Ureno, kilichoagizwa kuiga uchezaji wa Tottenham. Tottenham nayo ilimrudisha Harry Kane, aliyekuwa ameumia tangu mwezi wa Aprili. Mapumziko yalimponya kifundo cha mguu, lakini hayakumrudishia wepesi wake. Lucas Moura, aliyefunga mabao matatu dhidi ya Ajax katika nusu fainali, akaanza akiwa kwenye benchi. Origi pia aliwekwa nje kumpisha Firmino aliyepona. Alipoingizwa, alifunga bao la pili dakika ya 87.

Jina hilo la Origi lina mizizi nyumbani. Baba yake, Mike Okoth, aliichezea Kenya, na ami yake, Austin Oduor, alikuwa nahodha wa Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987. Gor ilitoka sare 2-2 na Esperance mjini Tunis, kisha 1-1 uwanjani Kasarani, ikashinda kwa mabao ya ugenini. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyoleta kombe la bara.

Wajuzi wa mazoezi wanasema nini? Msuli uliofanya kazi ngumu huhitaji siku mbili tatu kurudi katika hali yake. Lakini mchezaji akikaa wiki mbili au zaidi bila ya mazoezi, pumzi huanza kupungua. Kwa hiyo kocha mwenye busara hupunguza wingi wa mazoezi, si ukali wake. Jambia likinolewa kutwa kucha huisha. Likiachwa alani, hushika kutu. Mapumziko basi si dawa wala sumu. Yanategemea mkono unaoyatumia.

Sasa turudi Muthurwa. Kuna vijana wanaosukuma mikokoteni sokoni tangu alfajiri, kisha alasiri wanatarajiwa kucheza fainali ya mtaa. Hawa hawana wiki tatu, wala siku moja hawana. Wakikosa kazi siku hiyo, nyumbani hapapikwi. Na wakishindwa, mashabiki huwaita wavivu! Hali si tofauti kwa mahamali na wavuvi wetu wa pwani wanaochezea timu za mitaa.

Sisi tumefundishwa kuwa mwili nao una haki yake. Basi wenye kuandaa vikombe vya mitaa, kabla ya kununua jezi mpya na kukodi vipaza sauti, na watenge fedha za kumlipa kila mchezaji ujira wa siku moja, ili alale vizuri mkesha wa fainali. Mapumziko ya siku moja yatamfaa kijana huyo kuliko siku 20 zilivyowafaa nyota wa Madrid.