Mti Mmoja, Hesabu Mbili: Asali na Tumbaku Ugalla

Katika misitu ya miombo inayouzunguka Mto Ugalla, kati ya Mpanda na Tabora, mtundu na muba ni miti ya kawaida mno. Maua yake humlisha nyuki. Shina lake huishia pia motoni, kwani tumbaku ya mvuke haikauki bani bila kuni nyingi. Mti uliosimama hauonekani katika hesabu za pato la taifa. Ukikatwa, ukachomwa, na tumbaku ikauzwa, ndipo uchumi husemwa kuwa umekua.

Mambo ya namna hii huchunguzwa na elimujamii ya mazingira, taaluma iliyopata jina lake huko Marekani katika miaka ya 1970. Mwaka 1980 Allan Schnaiberg aliufananisha uchumi wa kisasa na gurudumu linalokanyagwa kwa miguu: mkanyagaji hutembea kutwa nzima, wala habanduki mahali pake. Mkulima wa tumbaku hahitaji kufafanuliwa mfano huo. Hukopeshwa mbolea na dawa kabla ya msimu, deni hukatwa baada ya mauzo, na bei ikiteremka hana budi kupanua shamba ili alipe. Wanaomwita adui wa misitu hawajauliza ni nani aliyemweka juu ya gurudumu.

Mrina asali naye si malaika. Mzinga wa gome huua mti uliobanduliwa. Lakini riziki yake yote hutegemea miti iliyobaki kusimama, nayo bani hudai kuni kila mwaka. Katika Pori la Akiba Ugalla, lililoanzishwa mwaka 1965, warina asali na wavuvi waliweza kuingia kwa kibali wakati wa kiangazi. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na hifadhi ya taifa, kwa desturi yake, ni mahali pa kutazama, si pa kuvuna. Hivyo mtu aliyekuwa na sababu ya kuutunza msitu akabanwa pande mbili: huku mashamba, huku mpaka.

Mwanafunzi wa Mpanda anaweza kuanzia kwenye bani la jirani. Apime kuni zinazokausha kilo moja ya tumbaku. Aulize zimetoka umbali gani, na zilitoka umbali gani baba yake alipokuwa mtoto.