Mfano wa Kifaru na Rangi Zake: Maneno Yanayohitaji Uangalifu

Huenda msomaji akashangaa kuona ukurasa wa istilahi ukijishughulisha na kitu kinachodhaniwa kuwa cha kuchezea. Lakini mifano midogo ya vifaru inayoongozwa kwa redio, yenye mota na betri ndani yake, haiwahusu watoto peke yao. Wako watu wazima, hasa huko Ulaya, Marekani na Japani, wanaotumia miezi kuipaka rangi na kuitia alama ili ifanane na kifaru fulani kilichopigana mahali fulani, mwaka fulani. Vijitabu vya maelekezo ya kazi hiyo huchanganya maneno ya mafundi rangi, ya wanajeshi na ya wanahistoria. Mfasiri anayevikabili hugundua upesi kuwa neno moja likikosewa, historia nzima hupotoka.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Wengi huandika “kifaru cha mfano”. Katika matumizi yetu, kitu “cha mfano” ni kile kinachostahili kuigwa: kijiji cha mfano, shamba la mfano, mwalimu wa mfano. Kwa hiyo kifaru cha mfano chaweza kufahamika kuwa ndicho kifaru bora kupita vyote kikosini. Tukigeuza mpangilio tukasema “mfano wa kifaru”, utata huo waondoka. Neno “modeli” nalo limekwisha kuingia, na hatuna ugomvi nalo, ila limekuwa likibebeshwa mizigo mingi: aina ya gari, toleo la mashine, hata mtu wa maonyesho ya mavazi.

Kisha kuna upatanisho wa sarufi. Kifaru mnyama huenda na a-wa: kifaru amelala, vifaru wamelala. Kifaru chombo huenda na ki-vi: kifaru kimelala, vifaru vimelala. Lugha imejitatulia jambo hili yenyewe, bila kikao cha mtu yeyote. Hata hivyo mtego hubaki pale chombo kinapopewa jina la mnyama mwingine. Kifaru cha Kijerumani kiitwacho Tiger kinapendwa sana na watengenezaji wa mifano. Mfasiri akiandika kwamba chui-milia alikamatwa Tunisia mwaka 1943, msomaji atadhani habari ni ya mawindo. Tiger hapa ni jina la pekee. Liachwe kama lilivyo, na vitenzi vifuate neno kifaru: Tiger kilitekwa.

Kifaru hicho ni mfano mzuri kwa makala haya. Kinajulikana kwa namba 131. Waingereza walikiteka Tunisia Aprili 1943, na leo kimehifadhiwa katika makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, ambako kilitengenezwa hata kikaweza kutembea tena mwaka 2003. Pamoja na mtutu wake kina urefu wa takriban meta 8.45, katika skeli ya 1:16, mfano wake huwa na sentimeta 53 hivi. Ni vyema ikumbukwe kuwa skeli hupima urefu, wala si uzito. Tani 57 zikipunguzwa kwa kanuni hiyo katika pande zote tatu hubaki kilo 14 tu, kwa hiyo kuandika “kidogo mara kumi na sita” bila ufafanuzi ni kumpoteza msomaji.

Majina ya sehemu za kifaru hayana taabu kubwa. “Deraya” ni neno letu la zamani la vazi la vita, nalo lafaa kwa mabamba ya chuma ya kujikinga. “Mzinga” na “mtutu” yanajulikana. Magurudumu huzungukwa na minyororo. “Katapila” tuliachie tingatinga la barabarani. Kwa ile sehemu ya juu inayozunguka pamoja na mzinga, baadhi hupendekeza “mnara”. Mimi sikubali. Mnara ni wa msikiti au wa kanisa, na sifa yake ni kusimama imara. Hiki hugeuka huku na huku, na “kichwa” chatosha.

Kwenye rangi ndiko wafasiri huteleza zaidi. Mwezi Februari 1943 jeshi la Ujerumani liliamuru kwamba rangi ya msingi ya magari yake, ambayo hapo awali ilikuwa kijivu cha kukoza, iwe ile iitwayo “Dunkelgelb”. Tafsiri ya neno kwa neno ni “njano iliyokoza”. Kwetu sisi njano iliyokoza ni ya bizari, au ya papai lililoiva. Rangi iliyokusudiwa inakaribia mchanga mkavu. Fundi atakayefuata tafsiri hiyo atatoa kifaru cha sherehe. Heri kusema “rangi ya mchanga” na kuambatisha namba yake katika orodha ya rangi ya Kijerumani iitwayo RAL, yaani 7028. Orodha hiyo ilianza mwaka 1927, na faida yake ni kuwa namba haina haja ya kufasiriwa. Juu ya rangi hiyo vikosi viliruhusiwa kupuliza kijani cha zeituni na hudhurungi yenye wekundu ili kulivuruga umbo la gari machoni mwa adui. Kwa ufundi huu wa kuficha yamependekezwa maneno marefu, hali watu wanaotazama sare za askari wamekwisha kusema “mabakamabaka”. Sioni sababu ya kuwanyang’anya neno lao.

Tarehe nazo zina nguvu juu ya rangi. Kuanzia nusu ya pili ya mwaka 1943 hadi Septemba 1944, viwanda vya Ujerumani vilikandika vifaru kwa uji mzito uitwao Zimmerit, wenye kuacha mistari ya matuta, ili mabomu ya sumaku yasinate. Neno la waashi, “lipu”, lafaa kabisa hapa. Lakini atakayepiga lipu mfano wa kifaru cha Tunisia atakuwa amekivisha vazi ambalo halijashonwa.

Sasa tufike kwenye alama, ambako kosa la tafsiri laweza kuumiza watu. Neno la jumla ni “alama”. Chini yake tutenge “namba” na “nembo”. Namba 131 si idadi: tarakimu ya kwanza ni ya kombania, ya pili ya platuni, ya tatu ya kifaru chenyewe, kwa hiyo isomwe moja, tatu, moja. Ubavuni mna msalaba mweusi wenye kingo nyeupe, “Balkenkreuz” kwa Kijerumani. “Msalaba wa boriti” ni tafsiri halali ya neno hilo, lakini humfanya msomaji afikirie mbao. “Msalaba wa jeshi la Ujerumani” ni bora. Usiitwe swastika, maana ni alama mbili tofauti. Kikosi cha Wajerumani cha Afrika kilikuwa na nembo ya mti na swastika juu ya shina lake. Mti huo ni mtende, si mnazi, ingawa sisi wa pwani mkono hutuwasha kuandika mnazi. Swastika yenyewe haipaswi kutajwa kwa neno la kuzungukazunguka kama “msalaba uliopinda”. Wahindu, wakiwamo walioko kwetu Afrika Mashariki, huichora kama ishara ya heri tangu karne nyingi kabla ya Wanazi. Kwa hiyo mfasiri aseme waziwazi: swastika ya Kinazi. Nchini Ujerumani sheria hukataza kuionyesha hadharani, isipokuwa kwa makusudi kama ya elimu na sanaa, na watengenezaji wengi huiacha katika karatasi zao za nembo za kubandika. Mfasiri asiirudishe kwa ujinga, wala asiifiche pale ambapo historia inaitaja.

Hatua ya mwisho ni kuufanya mfano uonekane umetumika. Waingereza hutumia neno moja linalotokana na hali ya hewa. Kiswahili kina zaidi, na tusiyatupe: rangi hupauka kwa jua, hubabuka ukingoni, hukwaruzwa na miiba, tope hugandamana, vumbi hutanda, masizi hushika. “Kuchakaza” lafaa kuwa neno la jumla, lakini maelekezo yaseme uchakavu upi. Kikosi cha kifaru 131 kilifika Tunisia Machi 1943, wiki chache kabla ya kutekwa kwa kifaru hicho. Vumbi lina nafasi yake, na mikwaruzo pia. Kutu ikae kwenye minyororo na mabomba ya moshi.