Cooper Black: herufi nene ya Chicago yenye kusamehe makosa, miaka zaidi ya 100 sasa

Mtu anayetayarisha afishi ya harusi ao ya mechi kwenye ordinatere, Goma ao Bukavu, akifungua orodha ya herufi za Microsoft Word anaweza kukuta jina Cooper Black. Ni herufi nyeusi, nene, zimevimba kama unga wa mkate uliotiwa chachu. Mtu anaweza kuamini kwamba zilibuniwa na watu wa ordinatere. Lakini zilitoka Chicago, Marekani, mwaka wa 1922, wakati herufi zilikuwa bado vipande vya risasi.

Aliyezichora ni Oswald Bruce Cooper, mzaliwa wa jimbo la Ohio mwaka wa 1879. Alijifunza uchoraji Chicago, kwenye shule ya Frank Holme, na mwalimu wake wa herufi alikuwa Frederic Goudy, mmoja wa wachoraji wa herufi wenye sifa kubwa katika inchi hiyo. Mwaka wa 1904, Cooper na mwenzake Fred Bertsch walifungua nyumba yao ya kazi, Bertsch & Cooper, ambamo Cooper alichora kwa mkono maneno ya matangazo ya biashara. Wateja waliupenda mkono wake. Kiwanda cha herufi cha mji huo huo, Barnhart Brothers & Spindler, kiliona faida ya kuugeuza kuwa risasi: kwanza Cooper Old Style, herufi ya kawaida, kiisha ndugu yake mnene, Cooper Black.

Siri yake iko miguuni. Herufi nyingi za vitabu zina vimistari vidogo kwenye ncha za kila nguzo, kama mtu aliyevaa viatu. Kwa kawaida vimistari hivyo ni vyembamba na vimenyooka. Cooper alivinenepesha na kuvizungusha, kiasi kwamba chini ya nguzo hakuna mahali palipo bapa kweli. Tundu la O kubwa limeinama kidogo kuelekea nyuma, na nukta ya i ndogo inafanana na yai.

Hayo si mapambo tu. Herufi yenye miguu bapa ikipanda ao ikishuka hata kidogo, jicho linaona mara moja kwamba mstari umepinda. Mguu wa mviringo unaficha kosa hilo. Juu ya unene wake, herufi hii pia haipotei kwenye karatasi mbaya ao wino ukipungua, na inaweza kusongamanishwa karibu karibu bila neno kuharibika. Mchapaji mwenye haraka hakuhitaji zaidi.

Ilinunuliwa sana, lakini kuna wachapaji walioichukia na kuiita tishio jeusi. Waliona kwamba inajaza ukurasa na kufunika kila kitu. Cooper anahesabiwa kuwa ndiye aliyesema kwa mzaha kwamba herufi yake ni ya wachapaji wenye kuona mbali ambao wateja wao hawaoni mbali.

Washindani nao hawakukaa wakitazama. Mwaka wa 1924 kampuni ya Ludlow ilitoa Ludlow Black, inayofanana nayo sana. Mwaka uliofuata, Goudy mwenyewe, yule mwalimu wa zamani, alichorea kampuni ya Monotype herufi nene ya kushindana na ya mwanafunzi wake. Sheria ya Marekani haikuwazuia, na hata leo umbo la herufi peke yake halina haki ya mtunzi kule. Tribinali ya rufaa ilikubali hivyo mwaka wa 1978 katika kesi ya Eltra na Ringer. Programu ya ordinatere inayobeba herufi inaweza kulindwa, na jina pia likiandikishwa. Ni vigumu kuona haki katika jambo hilo, kwa kuwa kazi ya mchoraji ni umbo lenyewe.

Cooper alikufa mwaka wa 1940. Herufi yake ilitoka kwenye risasi, ikapita kwenye filamu na kwenye karatasi za Letraset, ambazo mtu alisugua herufi moja moja kwa mkono. Hapo tena miguu ya mviringo ilisaidia wale ambao mikono yao haikunyooka. Mwaka wa 1966 ilionekana kwenye jalada la Pet Sounds, sahani ya muziki ya Beach Boys. Katika miaka ya 1970 ilibandikwa kwa pasi kwenye tisheti nyingi kule Marekani. Tangu 1995 inaandika jina la easyJet, rangi nyeupe na rangi ya machungwa, kwenye ndege za kampuni hiyo ya Uingereza.

Kwa wenye kuitumia leo, udhaifu wake uko ndani ya matundu. Matundu ya a na e ni madogo. Neno likipunguzwa sana, wino unayaziba na msomaji anabaki na madoa. Inafaa maneno mawili matatu makubwa, na ikiandikwa kwa herufi ndogo inapendeza kuliko kwa herufi kubwa tupu. Anwani, saa na namba ya simu chini ya afishi zinahitaji herufi nyingine, nyembamba.